Ukurasa Alioruka Odilia

Kwa kina Odilia, pale Mlabani mjini Ifakara, mlango wa uani haukuwa na kazi. Ukifunguliwa asubuhi ndiyo hivyo mpaka jioni, na anayepiga hodi anapiga akiwa ameshakaa. Kila alasiri wanawake watano au sita walitandika jamvi, wakafungua mafungu ya milala na kusuka ukili wa mikeka. Mikono ilisuka, na midomo nayo haikubaki nyuma. Nani kaposwa, nani kakosana na mkwewe, nani hakuonekana kwenye sala za jumuiya.

Odilia alikuwa darasa la saba, na pale uani alikuwa na cheo chake. Yeye ndiye msomaji. Akitoka shule, hata viatu hajavua, anaitwa: "Odi, marahaba, marahaba, haya nisomee hii meseji!" Alisoma vikaratasi vya dawa, kadi za harusi na barua za wito wa shule. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama amesoma sawasawa. Waliosikiliza walimwamini kama wanavyoamini macho yao.

Mama yake, Stefania, alikulia upande wa Mahenge na hakupelekwa shule. Mwaka juzi aliugua saratani ya titi. Akakatwa titi la kushoto, kisha akatundikiwa zile dripu zinazong'oa nywele zote. Aliyeshika ndoo mama akitapika alikuwa Odilia. Siku daktari aliposema matibabu yamekwisha, kwamba kilichobaki ni kwenda kliniki kupimwa, shangazi Kandida alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Basi Jumatano moja mama alirudi kutoka kliniki na bahasha ya kaki. Alikuwa na Bibi Siwema, mjane aliyeishi mtaa wa Lipangalala, mgonjwa mwenzake. Walijuana kwenye benchi la kliniki, na tangu hapo Siwema akawa hakosi kwenye jamvi.

"Kuna utafiti wa chanjo," mama alisema akikaa. "Wanatafuta wanawake waliokwisha kutibiwa kama sisi. Nesi Oliva katueleza, ila mengine yamenipita. Kasema tuende na karatasi nyumbani, tusomewe taratibu, tufikiri, kesho turudi na maswali. Leo hakuna kusaini."

"Chanjo ya nini tena, wifi?" Shangazi Kandida aliutupa ukili wake chini. "Si umepona? Hapa Ifakara kila mtafiti anayepita anatutoa damu. Wamekuja wa mbu, wamekuja wa minyoo, leo wamehamia kwenye matiti! Wanataka uwe panya wao wa kujaribia!"

"Hao wa mbu unaowasema, mbona chandarua chao unakilalia?" Siwema akamjibu.

Jamvi zima lilicheka. Odilia hakucheka. Lile neno panya lilimpanda kichwani kama moto wa pumba.

"Mama, ulisema tumemaliza! Ulisema hakuna sindano tena!"

"Nilisema. Haya, soma."

Odilia akafungua bahasha. Zilikuwa karatasi nne zilizobanwa pini. Ya kwanza aliisoma yote. Ilieleza kwamba chanjo hiyo bado inajaribiwa, wala haijajulikana kama itafanya kazi. Watafiti walitaka kuona kama inaweza kuufundisha mwili kuzitambua seli za saratani na kuzizuia zisirudi. Ya pili nayo aliisoma. Huenda mkono ukavimba. Huenda mtu akapata homa. Nusu ya wanawake watachomwa sindano isiyo na chanjo ndani, wala hawataambiwa, ili watafiti waweze kulinganisha.

"Mnasikia?" alisema shangazi. "Panya!"

Odilia aligeuza karatasi ya tatu, na macho yake yakatua kwenye mstari huu: Kujiunga ni hiari yako. Unaweza kukataa, au kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yataendelea kama kawaida.

Alimjua mama yake. Akiusikia mstari ule atakubali. Akilini aliiona tena ndoo. Aliiona mito yenye nywele. Hasira ikamkaba, na mdomo ukafunguka kabla hajaufikiria vizuri.

"Hapa wameandika, ukishajiunga huruhusiwi kutoka mpaka miaka mitatu iishe. Ukikataa au ukitoka, kliniki hawakutibu tena."

Kisha akashika karatasi mbili kwa pamoja, akazigeuza, akasema, "Basi. Kilichobaki ni mahali pa saini na dole gumba."

 Siwema alisimama, milala ikamwagika mapajani.

"Nikikataa hawanitibu? Yaani wamenishika shingo? Kesho nilikuwa niende kupimwa hiki kivimbe cha kwapani, kumbe naenda kwenye mtego! Siendi! Nachukua treni, naenda zangu Chita kwa mdogo wangu kuvuna mpunga. Wakinitaka waje huko shambani!"

Akatoka bila kuaga. Odilia alitamani kumwita amwambie, lakini shangazi alikuwa anampiga bega kwa furaha. "Mtoto kasoma vizuri! Bila huyu mngeuzwa!"

 Mama aliendelea kusuka, na ukili wake ukatoka umepinda. Baadaye ndipo alipofungua mdomo. "Kesho hutaenda shule mapema. Utakuja nami kliniki. Nataka uwasomee hapo hapo mbele yao walichoniandikia. Wanione na mimi nina mtu anayejua kusoma."



Asubuhi mama alitembea mbele kwa hatua za mtu anayekwenda kugomba. Nesi Oliva alikuwa anapanga mafaili. Odilia alisema shikamoo kwa sauti ya chini, ikapotea, maana mama alikuwa ameshaanza.

"Nesi, mnatuona wajinga? Kwa vile hatukusoma, mnatufunga miaka mitatu? Mtu akikataa mnamnyima matibabu? Kama ndivyo mngetuambia jana usoni, msituwekee kwenye karatasi!"

Kina mama waliokuwa kwenye benchi waligeuka wote. Nesi Oliva aliacha mafaili.

"Mama Odilia, nani kakwambia hivyo?"

"Karatasi yenu! Odi, msomee. Ule mstari. Soma kwa nguvu!"

Odilia alifungua karatasi ya tatu.  Angeweza kudanganya tena, lakini Nesi Oliva alikuwa amesimama begani kwake, naye alijua kusoma.

"Kujiunga ni hiari yako," alianza.   "Unaweza kukataa, au kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yataendelea kama kawaida."

"Rudia," mama akasema.

Akarudia. 

"Jana mstari huo ulikuwa wapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza ulikuwa wapi! Niliona ukigeuza karatasi mbili kwa pamoja. Sikusoma, lakini kuhesabu najua. Nikajiambia, mtoto ana njaa, ana haraka, nimwache. Kumbe unanifunga kitambaa machoni!"

Ndipo Odilia naye alipolipuka. "Mimi ndiye niliyeshika ndoo! Mimi ndiye niliyefagia nywele zako! Ulisema tumemaliza, halafu unaleta bahasha nyingine unanipa mimi niisome! Sikutaka usaini!"

 Mama alikuwa amekunja ngumi, lakini hakuunyanyua mkono.

"Hasira hiyo ni halali yako," alisema hatimaye. "Ungenipigia kelele jana ningekusikiliza. Lakini wewe umeichukua ukaitia ndani ya karatasi yangu, ukanisomea kama maneno ya daktari. Mwili huu ni wangu, Odilia. Niliazima macho yako, sikukupa kichwa changu."

Nesi Oliva akauliza kwa upole, "Na Bibi Siwema yuko wapi? Daktari anamsubiri."

Mama na mwana wakatazamana. Treni!

Walichukua bajaji mpaka Lipangalala. Walimkuta Siwema mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, begi miguuni, anafunga kufuli.

"Mwambie," mama akasema. "Mimi simsemei mtu."

Odilia alimwambia yote, wala hakutaja maneno ya shangazi yake ili kujitetea. Siwema alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalipiga begi teke.

"Kumbe redio yetu inatangaza uongo! Usiku kucha nimewalaani wauguzi wa watu! Nimemkataa daktari wangu kwa sababu yako, kabinti! Unajua kivimbe hiki nimekaa nacho wiki ngapi? Unajua?"

"Sijui, bibi. Nisamehe."

"Msamaha tutauona baadaye. Soma. Karatasi zote nne. Na kidole kiwe juu ya mstari, nikione kinatembea."

Odilia alipiga magoti pale kizingitini, akasoma neno kwa neno. Kila alipogeuza, mama alihesabu kwa sauti, "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Iliposomwa ile ya nne, Siwema aliguna.

"Haya, sasa nimesikia. Jibu langu ni hapana. Sindano nilizochomwa zimenitosha, hizo za kujaribu wapeleke kwa wengine. Ila kwapa langu nalipeleka kwa daktari leo hii. Fungua mlango, rudisha hilo begi ndani."

"Na mimi bado nina maswali matatu," mama alisema. "Nikijibiwa, nitajua."

Alijibiwa yote matatu, na akarudi nyumbani akafikiri siku nne zaidi. Kisha akaweka dole gumba lake, mbele ya shahidi mtu mzima aliyejua kusoma, ambaye Nesi Oliva alimleta. Odilia hakufurahi. Alimwambia mama yake hivyo hivyo, usoni, akilia, na mama akamsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akaenda kuchomwa sindano ya kwanza.

Majibu ya Siwema yalitoka baada ya wiki mbili. Saratani ilikuwa imeanza kurudi, lakini bado ilikuwa ndogo, na daktari akamwanzishia dawa siku ile ile. Angekwenda Chita, angevuna mpunga mpaka msimu uishe huku kivimbe kinakua.

Jioni hiyo jamvi lilijaa kama kawaida. Shangazi Kandida alikuwa mpole kidogo, jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelitaja. Siwema alifika amevimba kwa hasira bado, akampa Odilia kikaratasi cha dawa zake mpya.

"Soma. Sijakusamehe vizuri, lakini macho mengine sina."

Odilia alisita. "Bibi, wanawapa watu wazima madarasa ya kusoma pale parokiani, nilimsikia katekista..."

"Nitakwenda. Leo soma."

Odilia akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Mama aliweka ukili chini, akawatazama wote, kisha binti yake.

"Sikieni, na wewe Odi usikie zaidi. Mtu anayekusomea ameshika maisha yako mkononi. Asipopenda alichokisoma, akisome kwanza kama kilivyo, halafu aseme, 'Mimi sikubali.' Hapo tutagombana, tutapigiana kelele hapa uani mpaka mtaa wa tatu wasikie. Lakini tutagombana juu ya jambo la kweli."

Odilia aliitikia kwa kichwa, akaanza kusoma. Kikaratasi kilikuwa kimoja tu, kimeandikwa pande zote mbili. Alipokigeuza, mama akahesabu.

"Mbili."