Joto Halina Zamu

Lois aligongana na Munyoki katika soko la Voi, jua likiwaka, sanduku la vifaranga likiwa mikononi mwake. Sanduku lilimponyoka, vifaranga wakatawanyika chini ya meza za nyanya. Kijana huyo, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, alipiga magoti vumbini akawakusanya mmoja mmoja. Watu walicheka, na Lois akacheka nao, bila kujua kwamba leso yake ya manjano inamlegea kiunoni mpaka Munyoki alipomwonyesha kwa macho, kwa adabu kabisa.

Kuanzia siku hiyo simu hazikukatika. Munyoki alifanya kazi katika kituo cha hali ya hewa. Alisoma vipimajoto, kisha akapiga hesabu kutokana na rekodi za miaka mingi ili kujua uwezekano wa joto au baridi kupita kiasi. Lois alimtania kwamba anapenda vipimajoto kuliko yeye. Munyoki alimwita "kifaranga wangu", naye akajifanya kununa.

Jioni moja ya Desemba, Lois alimuuliza kama afunike kwa nyasi mabati ya banda lake la kuku, kule chini ya mlima wa Sagalla. Mwaka huo joto lilikuwa limefika nyuzi thelathini na nane.

"Joto kama hilo ni la mara moja kwa miaka ishirini, mpenzi," Munyoki alimjibu.

Lois alishusha pumzi. Katika chama chao cha akina mama cha kuchangiana pesa, majina huandikwa kwenye vikaratasi, na kikaratasi kikishachomolewa hakirudishwi mpaka kila mtu apate zamu yake ya kupokea. Akaona joto limeshapata zamu yake. Aliachana na habari ya nyasi, akaongeza vifaranga mia mbili. Alikuwa ameacha kazi ya saluni kwa ajili ya kuku hao.

Februari nyuzi zikafika thelathini na nane tena. Kufikia saa tisa mchana zaidi ya nusu ya kuku walikuwa wamekufa, midomo wazi. Lois alipiga simu.

"Uliniambia miaka ishirini. Nilikuamini wewe."

Akakata. Kwa wiki mbili hakupokea simu ya Munyoki, ingawa kila ilipolia moyo ulimruka. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumamosi Munyoki akafika kwa bodaboda na mizigo miwili ya nyasi. Hakujitetea. Alisema alimtajia namba bila kumuuliza ameielewa vipi. Lois akamweleza habari ya vikaratasi.

"Kwa joto, kikaratasi kinarudishwa kila mwaka," Munyoki alisema. "Mwaka huu nafasi ilikuwa ile ile, moja kwa ishirini. Ilinipasa kukuambia hivyo."

"Na mwaka ujao?"

"Ile ile, au zaidi, kwa jinsi dunia inavyozidi kupata joto. Siwezi kukuahidi halitarudi, Lois. Lakini likirudi, nataka linikute mimi ni mume wako, tunabeba maji pamoja."

Hakungoja jibu. Alipanda ngazi na mzigo wa kwanza, Lois akaishikilia chini. Hapo ndipo machozi ya kuwalilia wale kuku yalipomtoka, mara ya kwanza tangu wafe.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo hata tukishaoana."

Munyoki alisimama katikati ya ngazi, kisha akashuka polepole, akatua mzigo, akamshika Lois mikono.