Anayebisha Mlangoni

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, Karambu alichukua Biblia yake, akafumba macho na kuifungua popote. Pale kidole kilipotua, ndipo aliposoma. Baridi ya Kibirichia, kijiji cha mlimani, haina huruma, kwa hiyo alisoma mstari mmoja tu, kisha akashika jembe na kwenda kwenye viazi.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kusoma alikuwa amejifunza mwaka uliopita tu, katika ngumbaru, darasa la jioni la watu wazima. Biblia hiyo ya Kiswahili aliipenda kama mtoto wa uzeeni.

Siku moja kidole kilitua karibu na mwisho wa kitabu. Akasoma polepole: "Nasimama mlangoni, nabisha."

Akaurudia mstari mara ya pili.

Kubisha alikujua vizuri. Kiogora, mume wake, alibisha kila msimu kuhusu siku ya kupanda. Watoto walibisha wakitumwa maji. Sasa Bwana mwenyewe amesimama mlangoni, anabisha naye!

Na sababu aliijua. Miezi mitano iliyopita, ng'ombe wa Kajuju, mke wa shemeji yake, aliingia katika shamba la viazi la Karambu. Kajuju alikuja kuomba radhi. Karambu hakumsikiliza. Walibishana mlangoni, mvua ikinyesha, mwishowe Karambu akamfungia mlango usoni. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, ingawa kabla ya hapo, katika ngumbaru, walikaa dawati moja.

"Mungu ameshika upande wa Kajuju," alimwambia mumewe.

"Nilidhani ni mimi tu unayebishana naye," Kiogora akatania. "Kumbe umefika hadi mbinguni!"

Karambu hakucheka. Aliifunga Biblia kwa leso, akaiweka juu ya kabati. Darasani hakwenda tena. Jumapili, wenzake walipokwenda kwenye meza ya Bwana, alibaki kwenye benchi ameinamisha kichwa. Alijaribu kuomba, akaishia njiani. Utamwomba nini mtu mnayegombana naye?

Wiki ya tatu, alasiri, alikuwa ndani akichambua mbegu za viazi. Mlango ukagongwa.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mwalimu Nelius, mwanamke wa Kiembu aliyefundisha ngumbaru.

"Mama Beverlyne," alimwita kwa jina la bintiye, "mbona umetuhama? Ama umekuwa profesa, hutuhitaji tena?"

Karambu alitaka kucheka, lakini machozi yakamtangulia. Akaeleza yote.

Nelius alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa hivi nikiwa nje, nimefanya nini?"

"Umegonga mlango."

"Nikasemaje?"

"Hodi."

"Basi huko ndiko kubisha. Kubisha hodi. Hagombani nawe, Mama. Anagonga. Anaomba umfungulie."

Karambu akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia la viazi.

"Anagonga tu?"

"Anagonga tu. Leta hiyo Biblia."

Leso ikafunguliwa. Nelius akaokota kiazi kimoja sakafuni.

"Ukivuna hivi, unang'oa jani moja na kwenda nyumbani?"

"Nitakula jani, Mwalimu?"

"Unafanyaje basi?"

"Nafuata shina. Nachimba chini, na pembeni pia. Vingine hujificha."

"Soma vivyo hivyo. Usifumbe macho. Anza mwanzo wa habari. Jiulize, nani anasema? Anamwambia nani? Kabla ya hapo kuna nini, na baada yake? Neno likikutatiza, uliza. Mwisho ujiulize, leo mimi nifanye nini?"

Wakaanza juu. Ilikuwa barua kwa kanisa la watu vuguvugu, waliojiona hawana haja ya kitu. Bwana aliwaambia kwamba wale anaowapenda ndio anaowakemea. Kisha akabisha hodi. Akifunguliwa, ataingia ale pamoja na mwenye nyumba.

"Kumbe kukemea pia kumo," Karambu alisema kwa sauti ndogo.

"Kumo. Lakini anayekukemea ndiye anayetaka kula nawe."

Karambu aliutazama mlango wake kwa muda. Hakuhitaji kuuliza afanye nini leo.

Kabla jua halijatua, alijaza kapu viazi, akavuka mpaka wa shamba, akagonga kwa Kajuju.

"Nani?"

Yale yote aliyopanga kusema yakamtoroka. Likabaki neno moja.

"Ni mimi, Karambu. Nabisha."

Sauti kali ikatoka ndani: "Bado tu unabisha? Siku ile hukutosheka?"

Karambu akaangua kicheko hadi kapu likamponyoka. Viazi vikabingirika uani.

"Si kubisha huko, mwenzangu! Ni kule kwingine! Fungua nikueleze. Na unisamehe. Nilikufungia mlango kwenye mvua."

Komeo likalia. Kajuju alimtazama, akavitazama viazi, kisha akainama na kuanza kuviokota.

"Ingia," alisema. "Unaniingizia baridi. Chai iko motoni."

Walikula viazi vya moto kwa chumvi, sahani moja. Jumapili iliyofuata Karambu alikwenda kwenye meza ya Bwana, Kajuju akiwa kando yake.

Biblia haikurudi juu ya kabati. Leso sasa huonyesha tu ukurasa waliofikia, maana wanasoma wawili, sura kwa sura, kila Alhamisi baada ya kazi ya shamba. Kajuju akifika hagongi. Husimama nje na kupaza sauti, "Nabisha!"

Na Karambu hujibu kutoka jikoni, "Bisha tu, mama! Mlango uko wazi."