Klipu Nyeusi

Gari lilianza kunukia marashi kabla fundi hajafungua boneti. Si petroli, si oili iliyoungua. Marashi hasa, kama ya mwanamke aliyetoka kuoga sasa hivi. Fundi akamgeukia mwenye gari, muuza magodoro mwenye kitambi na ndevu za juzi.

"Bosi, humu umempakia nani?"

"Sijampakia mtu," muuza magodoro alijibu, wala hakucheka. "Nirekebishie mngurumo tu. Likisimama linavuma kama limekanyagiwa mafuta. Fundi wangu wa kwanza alianza, hakumaliza."

Ilikuwa kazi ya kuchezea. Fundi alifanyia kazi uani kwake, na alikuwa na geji ndogo ya kupimia mizunguko ya injini: klipu nyekundu unaibana kwenye koili, nyeusi kwenye bodi, unatazama mshale huku ukizungusha skrubu ya kabureta mpaka injini itulie, kisha unachomoa, basi. Ila bodi ya gari hili ilikuwa kutu tupu, na mshale uligoma kunyanyuka. Fundi akafanya uvivu wake wa siku zote. Bampa lilikuwa limegusa nondo za dirisha la chumbani, akaibana klipu nyeusi kwenye nondo. Wateja walizoea kumcheka kwa mtindo huo, naye huwajibu kwamba chuma ni chuma.

Kilichokuwa upande wa pili wa dirisha hakukifikiria. Mkewe alikuwa amejilaza na homa, na kitanda chao cha chuma kilikuwa kimeegemea nondo zilezile.

Mshale uliruka, ukashuka, ukaanza kudunda. Sasa, mshale wa mizunguko hutetemeka, haudundi. Fundi akailaumu geji kwa uzee, akazungusha skrubu kidogo. Mngurumo ukapungua.

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka ndani, sauti ndogo. "Nani amenikalia kifuani?"

"Ni homa hiyo, mama. Tulia."

Akazungusha tena.

"Baba watoto... naisha."

Fundi akageukia dirisha. Aliirudisha skrubu haraka, injini ikapanda, na kule ndani akamsikia mkewe akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini, fundi akaipunguza injini tena kidogo tu, kwa kutoamini, pumzi ikakatika, akaipandisha, ikarudi, na marashi yakazidi kuwa mazito hata akayaonja ulimini. Akaikimbilia klipu.

"Usichomoe!" Muuza magodoro alimdaka mkono, akinong'ona. "Wala usizime! Yule fundi wa kwanza alikuwa ameshika bodi kwa kiganja. Alipozima tu, akaanguka, akafa."

"Wewe si ulisema hakumaliza?"

"Hakumaliza, ndugu yangu. Nilijiambia ni moyo wake. Nilijidanganya."

"Hili ni jini! Mlete mtabibu wa majini! Kimbia, mtu mbaya wewe!"

Muuza magodoro akakimbia, kitambi mbele. Fundi akachungulia dirishani. Midomo ya mkewe ilikuwa imepauka, na kando yake, kwenye mto, palikuwa na shimo la kichwa kingine kisichoonekana. Halafu mkewe akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mmoja ananitosha," ilisema taratibu. "Sichagui."

Fundi akaitazama geji ya mafuta ndani ya gari. Ilikuwa imelala chini kabisa. Mtabibu angefika lini, na petroli ingekwisha lini? Alimpenda mkewe, alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia, na hapo hakuwa na la kujadili. Kwa mkono mmoja alishika nondo, kwa mwingine akaing'oa klipu nyeusi na kuibana kwenye kidole chake, jini lihamie kwake.

Mshale ulisita, kisha ukaanza kudunda mapigo yake yeye. Chumbani mkewe alikohoa, akaketi, akauliza maji yako wapi. Fundi alitaka kucheka kwa furaha. Taya hazikufunguka. Baridi ilimpanda kutoka kidoleni mpaka shingoni, ikamfunga ulimi, ikamlaza juu ya ukingo wa boneti, macho wazi, marashi yakimjaa kooni.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Mkewe alitoka amejifunga shuka, uso umechangamka kama hakuwahi kuugua.

"Mume wangu!" Alimwona amejiinamia, rangi imemtoka, moshi wa ekzosi umemzunguka. "Moshi huu utakuua! Na huyo mteja amekuacha peke yako hivi hivi?"

Fundi alimsihi kwa macho. Ndicho kitu pekee kilichobaki chake, akayakodoa, na mkewe akayaona, akayaelewa kama maombi ya msaada.

"Nimekuona, nimekuona. Subiri nikuzimie gari."

Akafungua mlango wa gari, akaingiza mkono, akaupapasa ufunguo mpaka akaushika.