Mtoto Hasubiri Mbalamwezi

Siku hizo Mapendo alikuwa akiamka bila kujua kama ameamka kweli. Tumbo lilikuwa zito, lakini miguu aliiona myepesi, kama inaelea. Kila asubuhi aliketi kwenye jamvi mbele ya nyumba yao, Ujiji, akachambua dagaa. Ziwa lilikuwa jeupe kwa ukungu. Milima ya Kongo, kule ng'ambo, ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena, kama mtu anayechungulia dirishani.

"Umelala, mwanangu?" aliuliza mama mkwe wake, Mama Amuri.

"Nimelala, mama. Nimeota niko ndani ya mtumbwi, sina kasia. Mtoto yuko ufukweni ananiita."

"Ndoto njema hiyo. Anamngoja baba yake."

Amuri, mume wa Mapendo, alikuwa Ilagala akivua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazina kazi, na wanaume hurudi nyumbani. Nyumba ile iliishi hivyo. Harusi ilifanywa mbalamwezi. Arobaini ya marehemu ilingoja mbalamwezi. Na Mama Amuri alishikilia kwamba watoto wa ukoo wao huzaliwa mbalamwezi, baba akiwa nchi kavu. Amuri mwenyewe alizaliwa hivyo. Basi, hapakuwa na mjadala.

Lakini kliniki walikuwa wamempa Mapendo tarehe, tangu mimba ilipokuwa changa na ikapimwa kwa ultrasaundi. Tarehe hiyo ilikuwa imepita. Juzi aliambiwa kwamba wiki arobaini na moja zimetimia, na kwamba leo arudi hospitali wazungumze kuhusu kuanzishiwa uchungu. Foleni ilikuwa ndefu. Hakuuliza kitu. Alirudi nyumbani na maneno yale kichwani kama kokoto ndani ya kiatu.

"Kuanzishiwa uchungu!" Mama Amuri alicheka bila furaha. "Chikichi mbichi ukizikamua utapata mawese? Utapata jasho lako tu. Mbalamwezi ni wiki ijayo. Tulia."

Mapendo alitulia. Kutulia kulikuwa rahisi siku hizo. Aliweza kulitazama ziwa mpaka jua likahama.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Leonia, mkunga wa zahanati, jirani yao. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Watu walisema Leonia hasahau. Ni kweli. Alikumbuka majina ya wanawake waliokufa wakijifungua tangu alipokuwa msichana, na aliyataja hata mikutanoni, mbele ya wakubwa, hasa wakubwa wakisinzia.

"Shikamoo, Mama Amuri. Mapendo, hujaenda hospitali?"

"Marahaba. Haendi," alijibu Mama Amuri. "Mtoto atakuja na mwezi. Na asipokuja, Amuri akifika nitamnywesha Mapendo mizizi yangu. Kikombe kimoja tu, mtoto anateremka."

Leonia aliketi. "Kumbe! Kwa hiyo na wewe unaanzisha uchungu?"

Mama Amuri aliinamia dagaa, akawachambua.

"Tena bila kipimo, mama. Nani anajua nguvu ya kikombe hicho? Uchungu unaweza kuja kwa fujo mpaka kizazi kikapasuka. Nimeona. Hospitali dawa ina kipimo, na mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa."

"Yanasikilizwa na nani?" Mama Amuri aliinuka. "Dada yangu alitundikiwa dripu ya uchungu. Hakuambiwa ni ya nini. Aliachwa peke yake. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe alipasuliwa, na mtoto hakutoka hai. Usinifundishe hospitali, Leonia!"

Dagaa mkononi mwa Mapendo walianguka. Hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo.

Kuna wanaoita hofu kama ile ujinga. Ujinga ni wa aliyemtundikia mtu dawa bila kumsemesha.

"Dada yako alikosewa," alisema Leonia. "Mwanamke si gunia la muhogo, abebwe tu na kutuliwa. Alikuwa na haki ya kuelezwa na kukaa na mtu wake. Hasira yako ninayo na mimi. Lakini usimlipishe Mapendo."

"Sasa mbaya nini akingoja?" aliuliza Mama Amuri, taratibu.

"Taa ya mtumbwini inaendeshwa na nini?"

"Betri."

"Alfajiri inakuwaje?"

"Inafifia."

"Kondo la nyuma ndiyo betri ya mtoto. Linampa chakula na hewa. Mimba ikipitiliza, linaweza kuanza kuchoka. Watoto wengi wanaochelewa huzaliwa salama, sisemi uongo. Ila kila siku baada ya wiki arobaini na moja hatari inapanda, na ikifika wiki arobaini na mbili ni kubwa zaidi. Betri ya mtumbwi unaiona ikififia. Hii huioni." Akamgeukia Mapendo. "Mtoto anacheza?"

"Leo amecheza. Kama samaki kwenye beseni."

"Vizuri. Siku akipunguza kucheza, au maji yakitoka, au damu, hungoji mtu. Unakwenda saa hiyohiyo."

Mapendo alitazama ziwa. Ukungu ulikuwa unafunguka. Ile ndoto ilimrudia: mtumbwi, hakuna kasia, sauti ufukweni. Safari hii aliisikia vizuri. Mtoto hakuwa akimwita baba.

Alichukua simu. "Baba watoto, naenda hospitali leo."

"Mwezi bado!" Amuri alipiga kelele kuushinda upepo wa Ilagala.

"Mwezi ni wa dagaa, Amuri. Huyu si dagaa."

Amuri alicheka. "Haya, mama. Nenda. Nakuja."

Mapendo alisimama kwa shida. "Mama, twende wote. Wewe ndiye utakayekaa na mimi. Nikiita, uwepo."

Mama Amuri aliingia ndani kuvaa kanga.

Hospitali Mapendo hakunyamaza. Aliuliza: Dawa gani? Inafanya nini? Nikikataa je?

Daktari, kijana aliyeitwa Gervasi, alijibu. Akikataa, atapimwa mara kwa mara, na ataelezwa hatari zake. Akikubali, kwanza dawa ya kulainisha mlango wa kizazi, kisha, ikihitajika, dripu. Uchungu unaweza kuwa mkali. Wengine huchukua siku nzima au zaidi. Wengine huishia kwenye upasuaji, ndiyo maana hufanyika hospitali tu.

"Naambiwa, naelewa, nakubali," alisema Mapendo.

Uchungu ulikuja polepole, kama mawimbi ya mbali, halafu ya karibu. Mama Amuri alimshika mgongo. Kila muuguzi alipoingia, mama mkwe alimwuliza, "Moyo wa mtoto unasemaje?" Alipojibiwa aliitikia kwa kichwa, akauliza tena. Hakuna aliyemfukuza. Angethubutu nani?

Kesho yake, mchana mweupe, mtoto wa kike alilia. Mama Amuri alilia pia. Alilitaja jina la dada yake, Wema, jina ambalo nyumba ile haikuwa imelisikia kwa miaka mingi.

"Na awe Wema," alisema Mapendo.

Jioni Amuri alifika, ananuka dagaa na petroli, viatu mkononi.

"Bado?" aliuliza, anahema.

"Pole, baba," alisema mama yake, akimfunulia kanga. "Mwenzako hakukungoja."

Tangu siku hiyo, msichana mjamzito akipita pale jamvini, Mama Amuri humwita. Hamwulizi habari za mwezi.

"Kliniki wamekupa tarehe gani?" anauliza. "Ikipita usikae. Nenda, na uulize. Na usiende peke yako. Kama huna mtu, mimi nipo."