Mikutano Sita ya Alhamisi

Walikutana mlangoni mwa lifti, saa mbili asubuhi, watu wamebanana. Kahawa ya mwalimu wa kozi za mtandaoni ilimwagikia blauzi nyeupe ya binti aliyetunza kanzidata, hifadhi ya taarifa za kampuni yao.

"Samahani, dada."

"Samahani haifui nguo, kaka."

Mwalimu aliifua mwenyewe, akairudisha imepigwa pasi. Miezi minane baadaye ilibaki siku moja tu apelekwe kwa mama wa binti.

Ijumaa hiyo bosi alitaka ratiba ya mikutano yote ya mtandaoni. Binti aliandika ulizo kwenye kompyuta, kanzidata ikaunganisha jedwali la watu na la mikutano, orodha ikatoka, akaituma. Kisha shetani akamnong'oneza. Akauliza tena, kwa jina la mpenzi wake peke yake.

Mistari sita. Kila Alhamisi saa saba, mwalimu na mchumba wake wa zamani.

Akampigia mwalimu simu.

"Kesho usije kwa mama."

"Laazizi, kuna nini?"

"Kamuulize wa Alhamisi."

"Wa Alhamisi? Subiri kwanza..."

Akakata. Simu ikaita mara nne, akaigeuza kifudifudi.

Bosi akaja amekunja uso. "Dada, ratiba gani hii? Mkutano wa saa nne niliukataa juzi, mbona umo?"

Binti akakumbuka. Mfumo ule haufuti kitu. Mkutano uliokataliwa hubaki, huwekewa alama tu kwenye safu ya hali, ile ya kuonyesha umekubaliwa au umekataliwa. Naye safu hiyo hakuiita kwenye ulizo lake. Akaiita sasa kwa mistari yake sita: umekataliwa, umekataliwa, hadi wa mwisho. Aliyekataa: mwalimu.

Alishuka ngazi mbio, viatu mkononi. Mwalimu alikuwa akifunga begi, shati la bluu limelowa jasho mgongoni.

"Wa Alhamisi! Kumbe umenipekua."

"Nimekupekua. Tena vibaya."

"Mashine umeiuliza. Mimi mwenye mdomo, hukuniuliza."

"Nakuuliza sasa. Mbona hukuniambia anakusumbua?"

"Niliona aibu. Nilidhani atachoka." Akavuta zipu kwa nguvu. "Mwingine angekuacha leo, unajua?"

"Najua." Hakulia, wala hakuinamisha uso. "Nioe basi, unigombeze vizuri nyumbani."

Mwalimu alikaza midomo, kicheko kikamponyoka. "Sijakusamehe."

"Sijasema unisamehe. Nimesema unioe."

Mwalimu akatua begi chini. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete simu. Mama nimwambie mwenyewe kwamba nakuja, kabla hujanifukuza tena."