Nani Alimgonga Makali?

Mnoa visu wa mtaa ule aliitwa Makali. Si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wauza nyama, mafundi na akina mama wa jikoni, kwa sababu kisu kikitoka mikononi mwake hakibishani na kitu.

Kazi yake yote ilikuwa juu ya baiskeli. Mbele ya usukani alifunga kinoo cha mviringo. Akifika kwa mteja, anaegesha baiskeli kwenye standi, gurudumu la nyuma linainuka, naye anakaa palepale na kukanyaga pedeli. Mkanda unazungusha kinoo. Cheche zinaruka.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani. Mama huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Mteja akileta suruali iliyochanika, yeye haanzi na bei.

"Imechanika kwa msumari au kwa waya? Ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Wewe shona tu," wateja walimwambia wakicheka.

"Nashona. Lakini nataka kujua."

Jumanne moja, saa moja asubuhi, Makali alimaliza chai yake akasimama.

"Mama watoto, leo naanzia buchani."

"Umevaa fulana ya njano? Magari yakuone."

"Nimevaa. Tazama, nang'aa kama taa."

Akaondoka. Hazikupita dakika arobaini, simu ya mkewe ikalia. Namba ilikuwa ya Makali, lakini sauti haikuwa yake.

"Mama, samahani. Mwenye simu hii amegongwa na gari. Tunampeleka hospitali. Yuko hai, mama. Njoo."

Alimkuta amelazwa. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kiwiko kimechubuka. Lakini alikuwa anazungumza, na mkewe akashusha pumzi.

"Nani amekugonga?"

"Sijui. Nilisikia muungurumo nyuma yangu. Kisha nikaona mawingu. Kumbe nimelala chali."

"Na gari?"

"Limekwenda."

"Halikusimama hata kidogo?"

"Mke wangu," Makali alisema kwa taabu, "nimevunjika mguu. Maswali niletee kidogo kidogo."

Mkewe alimwekea mto vizuri. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani lile swali lilimkaa kichwani. Mtu anamgonga mtu, anaendaje tu? Anakwenda wapi? Akifika anasema nini?

Uani alimkuta mdogo wake Makali. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mikono myepesi na maneno mengi. Alikuwa ameibeba baiskeli kutoka barabarani. Sasa ameilaza chini, nyundo mkononi.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi. Mpaka jioni nitakuwa nimeinyoosha hii. Naipiga na rangi. Kaka akirudi hataamini macho yake."

Akainua nyundo.

"Weka chini hiyo nyundo!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Ilikuwa ya jirani yao. Mama huyu alifanya kazi katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria, ofisi inayowasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mtaani walimwita Dada Sheria. Alikuja mbio, kandambili mguu mmoja.

"Kwani nimefanya nini?" fundi aliuliza.

"Bado hujafanya, na ndiyo bahati yetu. Hiyo leo si baiskeli. Ni ushahidi."

"Dada, ni chuma kimepinda."

"Haya. Kimepinda kuelekea wapi?"

Wote watatu wakainama. Madigadi ya nyuma ilikuwa imesukumwa mbele mpaka ikagusa tairi. Mkewe Makali alisogeza uso karibu kabisa.

"Hii rangi ya kijani imetoka wapi?" aliuliza. "Baiskeli yetu ni nyeusi tupu."

"Umeona?" Dada Sheria alisema. "Gari limeacha alama yake hapa. Shemeji yako angeipiga nyundo na kuipaka rangi, tungepoteza shahidi asiyesahau wala kudanganya."

Fundi alitazama nyundo yake kama vile imemsaliti.

"Na nguo alizovaa asubuhi?" Dada Sheria aliuliza.

"Ziko kwenye mfuko. Nilitaka kuziloweka sasa hivi."

"Usifue hata soksi. Zikunje ulivyozikuta, uzitie kwenye mfuko wa karatasi. Kisha piga picha za baiskeli kila upande. Na leo hii twende polisi."

"Lakini tutawaambia nini? Hatujui dereva. Hatujui namba ya gari."

"Tutawaambia tunachokijua. Kutafuta mengine ni kazi yao. Watu wengi hukaa nyumbani kwa sababu hawana namba ya gari. Wanadhani bila namba hakuna kesi. Siku zinapita, alama zinafutika, na dereva analala usingizi wake."

Kituoni walimkuta askari wa zamu nyuma ya meza ndefu. Aliwasikiliza huku akigeuzageuza kalamu.

"Mama, magari ya kijani ni mengi kama mchanga."

"Ni kweli, afande," Dada Sheria alijibu kwa upole. "Ndiyo maana tunaomba uandike. Uandike siku, saa, mahali, na hiyo rangi. Kisha utupe namba ya jalada na fomu ya daktari."

Askari alimtazama, akatabasamu kidogo, akafungua daftari. Mkewe Makali aliomba asomewe maelezo kabla ya kutia saini. Mahali palipoandikwa "saa tatu" alisema, "Hapana, afande. Ni kabla ya saa mbili." Askari akasahihisha.

Fomu ile waliipeleka hospitali. Daktari aliandika kila jeraha alilolikuta. Stakabadhi za dawa mkewe alizihifadhi kwenye kopo la vifungo.

Kesho yake asubuhi, saa ileile ya ajali, mkewe Makali alikwenda kusimama kwenye kona ile alipogongwa mumewe. Dada Sheria alikuwa amemwambia hivi: "Wanaopita pale Jumanne saa moja na nusu, hupita na Jumatano. Kawaulize. Usibishane na mtu, usimtuhumu mtu. Uliza tu."

Kwa kuuliza, hakuhitaji kufundishwa.

Alimuuliza muuza magazeti. Alikuwa amechelewa siku ile. Alimuuliza mlinzi wa kiwanda cha uchapaji. Alisikia kishindo, hakuona. Kisha akamwona mwanamke mwenye ufagio mrefu, amevaa koti la kung'aa. Alikuwa mfagiaji wa barabara.

"Dada, za asubuhi? Jana ulikuwa hapa?"

"Mimi niko hapa kila siku."

"Mwenye baiskeli aliyegongwa ni mume wangu."

Mfagiaji akaegemea ufagio. "Yule mwenye jiwe? Pole sana, dada. Anaendeleaje?"

"Anaendelea. Uliona?"

"Niliona. Pikapu ya kijani, ina ngazi mbili juu, zile ngazi ndefu za wapaka rangi. Ilipunguza mwendo kidogo, kisha ikaongeza."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?" mfagiaji alisema. "Walikuja watu wengi pale. Wote waliniambia, 'Sogea, mama, fagia kule.'"

Mkewe Makali alitazama lami iliyofagiwa. Kisha swali jingine likamjia.

"Kulikuwa na vitu vilivyovunjika barabarani?"

"Vioo vya taa. Nilivizoa, ndiyo kazi yangu. Viko kwenye gunia lile pale. Gari la taka huja Ijumaa."

Gunia lilikuwa hatua tano tu. Mkono wa mama yule ulitamani kulifungua hapohapo. Lakini alijizuia, akampigia simu Dada Sheria.

"Usiguse!" Dada Sheria alisema. "Ukivitoa mwenyewe, kesho watasema umeviokota kwingine. Mwite askari mpelelezi aliyepewa jalada lenu. Avitoe yeye, mbele ya mfagiaji, aandike."

Mpelelezi alikuja baada ya saa moja na nusu. Alikuwa kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi. Alipiga picha gunia likiwa limefungwa, akavaa glavu, akalifungua. Katikati ya majani makavu na chupa tupu vilitoka vipande sita vya taa. Kimoja kilikuwa na tarakimu ndogo zilizochongwa pembeni.

"Hizi tarakimu ni za nini?" mkewe Makali aliuliza.

"Sijui, mama. Lakini namjua anayejua."

Alikipeleka kwa muuza vipuri. Mzee yule alivaa miwani, akakigeuza mara moja tu. "Taa ya mbele, upande wa abiria, pikapu ya miaka kama kumi iliyopita." Kisha mpelelezi akaenda kituo cha mafuta kilichokuwa mbele ya ile kona. Kamera yao ilitazama barabarani. Meneja alisema picha hujifuta zenyewe kila baada ya siku saba. Wao walikuwa siku ya pili. Mpelelezi aliandika barua, akapewa picha.

Pikapu ya kijani ilionekana, ngazi mbili juu, taa moja imevunjika. Namba yake ilisomeka yote isipokuwa tarakimu moja.

Polisi walijaribu kila tarakimu mahali pa ile iliyokosekana, na siku ya nane wakaikuta. Ilikuwa ya kampuni ndogo ya kupaka rangi majumba. Ilikuwa na taa mpya. Ile ya zamani ilikuwa bado imetupwa nyuma ya gereji, na kipande cha kwenye gunia kilikaa mahali pake kama kifungo kwenye tundu lake.

Wiki iliyofuata, mgeni alibisha hodi kwa Makali. Alikuwa msimamizi wa ile kampuni. Alileta matunda, bahasha na karatasi moja.

"Tumesikitika sana, ndugu yangu. Tuyamalize kifamilia. Hii ni ya pole. Wewe tia saini hapa tu."

Makali alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa, plasta mpaka pajani. Kazi hana. Aliitazama bahasha, kisha akamtazama mkewe.

"Karatasi inasema nini?" mkewe aliuliza.

"Mambo ya kawaida, mama."

"Basi ngoja niyasome hayo ya kawaida."

Alisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Karatasi ilisema Makali hatadai kitu kingine chochote, maisha yake yote, na kwamba yeye ndiye aliyekata kona vibaya.

"Mimi?" Makali akashtuka. "Nilikuwa naenda moja kwa moja!"

"Asante kwa matunda," mkewe alimwambia mgeni. "Karatasi utaipeleka kwa Dada Sheria, ofisini kwake. Na bahasha pia."

Mgeni aliondoka na vyote viwili. Ofisini hakufika kamwe.

Kesi ilisikilizwa baada ya miezi minne. Makali aliingia mahakamani kwa magongo. Mfagiaji alitoa ushahidi akiwa amevaa koti lake la kazi. Aliulizwa maswali na wakili wa dereva, akajibu yote bila kuyumba. Fomu ya daktari ilisomwa. Madigadi ililetwa, na rangi yake ya kijani.

Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye mvi chache. Baada ya kusikia ushahidi wote, alikiri. Hakimu alimruhusu Makali aseme neno.

"Nina swali moja tu," Makali alisema. "Uliniona?"



"Nilikuona," dereva alijibu. "Kwenye kioo. Ulikuwa umeinua mkono."

"Sasa mbona hukurudi?"

"Niliogopa. Nilisema moyoni, kama amekufa, nitakwenda jela. Na kama hajafa, watu watamsaidia. Nikaendesha. Tangu siku ile nikiona baiskeli mbele yangu, nasimama kando mpaka ipite."

Hakimu alimwambia dereva kitu ambacho watu wengi mle ndani hawakukijua. Kugonga kwa bahati mbaya ni jambo moja. Kukimbia na kumwacha majeruhi ni kosa jingine, tena kubwa. Angesimama, akaita msaada, akaripoti, angekutana na sheria yenye uso mwingine. Alihukumiwa kifungo na kunyang'anywa leseni.

Upande wa bima, Dada Sheria aliandika madai mwenyewe. Aliambatanisha namba ya jalada, fomu ya daktari, hukumu, na zile stakabadhi zote. Bima ya pikapu ililipa matibabu, baiskeli, na miezi ambayo Makali hakufanya kazi. Haikuwa haraka. Barua zilikwenda na kurudi, na mara mbili Makali alitaka kukata tamaa. Mwishowe ililipa.

Mguu ulipona, ingawa hauko kama zamani. Siku za baridi unamsumbua. Sasa anakanyaga pedeli zaidi kwa mguu wa kushoto, na visu vinatoka vizuri vilevile.

Waendesha baiskeli wa mtaa ule walimwomba Dada Sheria awafundishe la kufanya mwenzao akigongwa. Walikutana Jumapili uani kwa Makali, watu kumi na saba: wabeba mkaa, wauza maziwa, mwalimu mmoja, na yule mfagiaji, aliyekaa mbele kabisa. Waliandika kwenye karatasi namba ya simu ya kituo cha polisi na ya hospitali, kila mmoja akaweka yake chini ya kiti cha baiskeli.

Miezi michache baadaye, muuza maziwa aligongwa karibu na daraja. Gari likakimbia. Alivunjika mkono. Waliokuwa karibu walimpeleka hospitali mara moja. Mwingine alibaki na baiskeli, akazuia watu wasiisogeze mpaka picha zipigwe. Mwingine alipiga simu polisi. Msichana wa kibanda cha simu alikuwa ameishika namba ya gari kichwani, na safari hii mtu alimuuliza.

Dereva alipatikana siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri.