Dakika Nne za Makutano

Jioni ile Bi Ratiba hakuwa na jambo kubwa, jamani. Alikwenda kufungasha vitu vya marehemu mdogo wake wa kike, basi. Nguo, vyombo viwili vitatu, cherehani. Mama mwenye nyumba alikuwa amempigia simu mara tatu wiki ile, kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi: "Pole sana na msiba, mama, ila kuna mtu anakitaka chumba."

Bi Ratiba silo jina alilopewa na wazazi. Watu wa stesheni ndio waliombandika, nalo likagoma kubanduka. Miaka ishirini na sita sasa alikuwa dirisha namba tatu akikata tiketi, na ratiba nzima ya reli ilikuwa kichwani mwake. Mwamshe usingizini, muulize treni ya Alhamisi inapita wapi saa ngapi, atakujibu kabla hajafumbua macho. Na ole wako ukosee dakika moja mbele yake! Wenzake walimtania kwamba hata maiti akikosea muda, Bi Ratiba atamrekebisha. Walicheka sana, siku hizo.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, kitindamimba, mcheshi, mpole. Bi Ratiba ndiye aliyembeba mgongoni baada ya mama yao kufariki. Kwa hiyo usimwone amesimama mlangoni pa chumba kile dakika nzima na ufunguo mkononi ukadhani alikuwa mwoga. Alikuwa na uchungu.

"Hutaingia tusaidiane?" alimuuliza mama mwenye nyumba.

"Mimi? Hapana. Fungua tu wewe."

"Kwani kuna nini?"

Mwanamke yule alitazama pembeni. "Anakohoa, mama," alinong'ona. "Kila siku, saa kumi na dakika chache jioni. Anakohoa mara tatu nne humo ndani... halafu kimya."

Bi Ratiba alimwangalia, akaona mtu mzima hovyo. Akafungua mlango.

Chumba kilinuka mafuta ya cherehani, kama siku zote. Lakini kulikuwa na harufu nyingine chini yake. Chuma kilichopata moto. Yeye aliijua harufu ile kuliko manukato yake mwenyewe, maana ndiyo inayobaki uwanjani treni ikishafunga breki. Na reli, kutoka pale, ilikuwa mbali mno.

Juu ya cherehani palikuwa na daftari.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Daftari lile walikuwa wameliandika pamoja kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumapili jioni, wawili hao na chai yao. Safari ya treni! Miji sita, siku tisa. Dada mtu alipanga treni, zipi zinaunganika wapi. Mdogo alipanga malazi na matembezi: hapa tutalala siku mbili, pale tutakwenda asubuhi turudi jioni, kule kuna ziwa, tubebe viatu vya tope. Walikuwa na sheria moja tu, kwamba hakuna kufuta alichoandika mwenzako. Ukiona kosa, andika lililo sahihi chini yake.

Na kila mwaka Bi Ratiba alisema mwakani. Mara likizo imekataliwa, mara mjukuu amezaliwa na mama yake ni nesi wa zamu, nani atamshika mtoto? "Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada," mdogo alikuwa akisema, na kucheka. Halafu kifua kikambana. Wiki tatu, kwisha habari yake. Alikufa hajawahi kulala nje ya mji ule hata usiku mmoja.

Bi Ratiba alifunua mpaka mwisho, ili auone mwandiko ule mara moja tu kisha alifunge.

Ukurasa wa mwisho hakuwa akiujua.

Mwandiko ulikuwa wa mdogo wake, zile herufi zake zilizolala kama zimechoka. *Kuondoka: stesheni ya mwisho, alfajiri. Kufika makutano: saa kumi na dakika tano jioni. Treni ya nyumbani: saa kumi na dakika moja.* Chini yake: *Nimeikosa. Nimelala kwenye benchi. Baridi.* Mstari uliofuata: *Asubuhi wamenirudisha nilikotoka. Nimeanza upya. Nimeikosa tena.* Na tena. Na tena... Bi Ratiba alihesabu mistari kwa kidole. Arobaini na tatu.

Mdogo wake alikuwa na siku arobaini na tatu kaburini.

Mtu mwingine angetupa daftari lile na kukimbia. Lakini huyu hakuwa mtu mwingine. Moyo wake uliona jambo moja tu: mtoto aliyembeba mgongoni analala kwenye benchi, peke yake, kwenye baridi, kwa sababu ya dakika nne. Dakika nne! Na jicho lake, lile jicho la dirisha namba tatu, liliona kosa la ratiba. Maana makutano yale aliyajua. Saa moja kamili usiku hupita pale treni ya mizigo yenye behewa moja la abiria, la wafanyakazi wa reli. Haimo kwenye matangazo. Wa ndani tu ndio wanaoijua.

Alitoa kalamu. Aliandika chini ya mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake uliosimama wima: *Usipande ya saa kumi. Subiri treni ya mizigo, saa moja kamili usiku, behewa la nyuma. Inafika nyumbani saa tatu.*

Akapumua. Alijisikia vizuri, maskini, kama mtu aliyemfunika mtoto shuka. Aliangalia saa. Kumi na mbili na nusu jioni.

Alipoinama tena, wino ulikuwa unatokea.

Hakuna kalamu. Hakuna mkono. Herufi zilijitokeza polepole kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, zimelala.

*Asante dada. Nilijua wewe utaijua njia.*

Alitaka kupiga kelele. Halafu, jamani, akatabasamu. Alitabasamu na kulia kwa pamoja. Aliandika haraka haraka: *Njoo. Nakusubiri.*

*Tunakuja. Tuko kumi na mmoja.*

Mkono wa Bi Ratiba ulisimama.

*Wenzangu wa kwenye benchi,* wino uliendelea. *Nao hawakuwa na wa kuwaonyesha njia. Nimepanga kila kitu, kama zamani.* Na kweli, alipanga. Mistari ilishuka mmoja mmoja, safi, kama walivyozoea:

*Kufika: saa tatu usiku, watu kumi na mmoja.*
*Kulala: kwa dada, usiku mmoja.*
*Kuondoka: alfajiri, watu kumi na wawili.*

Nitawaambia ukweli, wala simsingizii. Alipoona kumi na wawili alijua wanaondoka na mtu, na alidhani mtu huyo ni yeye. Na hakushtuka. Alisema moyoni, sawa, mdogo wangu, nilikuahidi safari, twende. Alikuwa ameshakubali kabisa.

Mpaka ulipotokea mstari wa tiketi.

*Tiketi kamili: kumi na moja. Nusu nauli: moja.*

Nusu nauli ni ya mtoto. Miaka ishirini na sita alikuwa ameikata kwa mkono wake.

Alipiga simu nyumbani. Simu iliita mpaka akakaribia kuitupa ukutani. Binti yake, yule nesi, akapokea, sauti imechoka.

"Shikamoo mama. Unarudi saa ngapi?"

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yupo hapa, ananichekesha tu. Kaeneza mito yote sakafuni, na makochi kayanyang'anya mito yake. Eti wageni wanakuja." Binti alicheka. "Kavaa na viatu. Namwambia vua ulale, anasema bibi mdogo amemwambia avae kabisa."

"Mvue! Mvue hivyo viatu, unanisikia? Funga mlango."

"Mama, kuna nini?"

Alikata simu. Saa ilikuwa moja kasoro dakika kumi na nne. Alirudi kwenye daftari, akaikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi.

*Njoo wewe. Peke yako. Nakuomba.*

*Siwezi. Tumekatiwa tiketi za pamoja, hatutenganishwi.*

*Basi nichukueni mimi. Mwacheni mtoto.*

Chumbani baridi ilianza kupanda kutoka sakafuni. Nje ya mlango mama mwenye nyumba alikuwa akiomba dua kwa sauti ya chini.

*Nafasi iliyobaki ni ya nusu, dada. Wewe huenei.*

Halafu, kabla hajafuta machozi:

*Usiniache hapa. Tumeshasogea ukingoni mwa reli. Taa yake inaonekana.*

Na chumbani, nyuma yake, mtu akakohoa.

Kikohozi kile! Kikavu, cha chini, cha mtu anayejizuia asisumbue watu. Kwa wiki tatu alikuwa amekisikia usiku kucha, akiwa amekaa kitandani na bakuli la maji ya moto. Hakugeuka. Alijua akigeuka na kuiona sura ile, hataweza.

Hebu fikiri mwenyewe. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikimbia uwanjani na tiketi mkononi ili abiria asiachwe, ambaye aliwahi kuizuia treni dakika mbili kwa ajili ya kizee mwenye kuku. Huyo ndiye aliyeshika kalamu na kuandika, kwa herufi kubwa, wima, kama zinavyoandikwa kwenye ubao wa stesheni:

*TRENI YA MIZIGO YA SAA MOJA HAITACHUKUA ABIRIA.*

Akaweka sahihi yake.

Kikohozi kikakoma katikati.

Halafu ukatokea mstari mmoja, mdogo, umelala kuliko yote:

*Haya dada.*

Hakumlaumu. Angemlaumu, angemtukana hata, ingekuwa nafuu.

Asubuhi yake mkuu wa stesheni alikuja dirisha namba tatu akikuna kichwa. Treni ya mizigo ilikuwa imechelewa dakika arobaini usiku ule. Pale makutano taa ilikuwa nyekundu, ikagoma kugeuka, na hakuna aliyejua nani aliiwasha. Dereva alisema alisikia watu wakishuka kutoka behewa la nyuma, wengi, wanashuka taratibu kama watu waliofiwa. Alipokwenda kukagua, behewa lilikuwa na kufuli. "Pombe hiyo," mkuu alisema, lakini hakucheka. Bi Ratiba alimrudishia abiria chenji yake.

Binti yake alimwambia mtoto alilia mpaka saa tatu usiku, kisha akanyamaza ghafla, akaenda mwenyewe kurudisha mito mahali pake. Mama mwenye nyumba alimpangisha yule mpangaji. Daftari halikuandika tena. Bi Ratiba alikuwa akilifungua kila usiku kuangalia. Kila usiku.

Wiki mbili alivumilia. Ya tatu aliomba likizo, na safari hii hawakumkatalia. Nadhani waliuona uso wake. Alijikatia tiketi mwenyewe, kwenda na kurudi. Alimwambia binti yake, "Nakwenda kutembea. Nitalala huko usiku mmoja tu, kesho nitarudi." Alinunua blanketi zito la sufu na chupa ya chai.

Makutano ni stesheni ndogo. Nyumba moja ya mabati, taa moja, reli mbili zinazokutana na kuachana, upepo usiokoma. Kuna benchi moja refu la mbao. Alifika saa sita mchana, akakaa mwishoni mwa benchi. Palikuwa na mfagiaji mmoja, mzee, aliyefagia uwanja mzima lakini chini ya benchi lile hakupeleka ufagio.

Saa kumi na dakika moja treni ya nyumbani ilipiga honi. Bi Ratiba hakuinuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiangalia treni ya kwenda kwake ikiondoka bila yeye, mpaka behewa la mwisho likapotea kwenye kona.

Dakika moja. Mbili... Reli ilikuwa tupu. Tatu...

Harufu ya chuma cha moto.

Hakuna treni iliyofika. Lakini mbao za benchi zililia, upande ule, kisha katikati, kisha karibu naye, jinsi zinavyolia watu wakikaa mmoja mmoja. Baridi ikamjia ubavuni. Mtu akakohoa, taratibu, akijizuia.

Bi Ratiba alifunua blanketi, akalitandaza kwenye hewa iliyokuwa kando yake. Halikuanguka. Likakaa mabegani mwa mtu.

"Nimekuja, mdogo wangu," alisema. "Nisamehe. Nimekuletea na chai."

Kitu chepesi, baridi, kikamwegemea begani.

Mfagiaji alikuwa amesimama mbali na ufagio wake, hasogei.

"Mama," aliita kwa sauti ya kunong'ona. "Wanapoondolewa alfajiri, wanaowaondoa hawaangalii nani ni nani. Una tiketi ya kurudi nyumbani?"

"Ninayo."

"Itoe, mama. Ishike mkononi. Waione."

Bi Ratiba alitaka kuutia mkono kwenye pochi. Ulikuwa umeshikwa, chini ya blanketi, kwa vidole vyembamba vyenye sugu ya sindano.

Hakuuvuta.